Kubadili jina la kitabu ili mfanyakazi akinunue: ujanja wa biashara au utapeli?

Mpiga Chapa:
Wakuu salaam. Kulikuwa na jamaa anaitwa Emanuel Haldeman-Julius, mji mdogo wa Girard, jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1919 alianza kuchapa vijitabu vya kuingia mfuko wa shati, karatasi ya bei poa, jalada la bluu. Bei ilianzia senti 25 ikashuka hadi senti 5, unaletewa kwa posta. Alitaka mchimba makaa na msichana wa kiwandani wasome Shakespeare bila kuomba ruhusa ya profesa. Viliuzwa mamia ya milioni.

Sasa sikilizeni mchezo wake. Kijitabu kisichofikisha nakala 10,000 kwa mwaka kilipelekwa "hospitali", yaani kinapewa jina jipya. Kuna hadithi ya Mfaransa Gautier, jina lake kama "Ngozi ya Dhahabu". Mwaka 1925 iliuza nakala 6,000. Akaibatiza "Kumsaka Kimada wa Nywele za Dhahabu", mwaka uliofuata ikauza 50,000. Hadithi ni ileile.

Nina mashine yangu ndogo. Nataka nichape vijitabu vya buku buku (shilingi elfu moja kila kimoja) kwa mafundi, makuli na mama lishe: mikataba, mikopo, haki ukiumia kazini. Cha mikopo nikikiita "Sheria ya Mikopo Midogo" kitaliwa na mende. Nikikiita "Mke wa Mtu na Kausha Damu", yaani ile mikopo ya riba ya kunyonga, kitaisha Jumamosi moja. Ni halali au si halali?

Mwalimu Mstaafu:
Si halali. Mtu akigundua umemtega, cha pili hanunui. Mwaka 1973 hapa Tanzania kampeni ya Mtu ni Afya, ya kufundisha afya kwa redio, ilikuwa na kijitabu chenye jina hilohilo, bila kimada wala hawara. Nilikuwa darasa la nne, kazi yangu ni kubeba redio ya mbao kutoka kwa katibu wa tawi hadi chini ya mwembe. Kipindi kikiisha watu wanafungua ukurasa wa kichocho, wanabishana mpaka giza. Nchi nzima walishiriki kama milioni mbili. Vyoo vilichimbwa.

Ngangari77:
Shikamoo mwalimu, lakini vyoo vilichimbwa kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita kukagua. Hapo kitabu kinahusikaje? Kipimo ni mtu kutoa hela yake mfukoni.

Halafu huyo Julius mnayemsifia si ndiye aliyechukua jina la mke? Alizaliwa Emanuel Julius. Mke ndiye Haldeman, tena mtu wa benki, na hela ya mke ilisaidia kununua ule mtambo wa kuchapa. Mwanaume wa hivyo atamfundisha nini mfanyakazi?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Balozi hakuwa na kiboko. Kwetu hakuwa nacho.

Binti Makorora:
Ngangari, soma kabla ya kutoa povu. Hawakuchukuliana, waliunganisha. Mke, Marcet, naye akawa Haldeman-Julius. Na aliandika pia, si kutoa hela tu. Wewe kiwanja chako cha Chanika ulichojisifia kwenye ule uzi wa nyumba, hela ya nani ilitangulia?

Ngangari77:
Kiwanja changu kimeingiaje? Nimesema mwanaume akishika jina la ukweni ameolewa. Hiyo ni mila, sijaitunga mimi.

Kijana wa Kongowea:
Mila ya wapi? Hapa Mombasa nawajua wanaume kadhaa wanaoitwa kwa jina la mke na hawajapungua kilo. "Mume wa Fatuma" ana duka, Fatuma ndiye mwenye duka. Tuendelee.

Ngangari77:
Hilo la mtaani ni utani. Mimi nazungumzia jina la kwenye hati.

Binti Makorora:
Mwenye mtambo alikuwa na hati ngapi, wewe una ngapi?

Mpiga Chapa:
Jamani, mada. Huyo mzee Julius alikuwa pia na kijitabu cha Schopenhauer, mwanafalsafa Mjerumani, kuhusu mabishano, akakipa jina la "Jinsi ya Kubishana kwa Mantiki". Nikikichapa, hapa nina wateja watatu tayari.

Mama Shughuli:
Mimi nimekwazwa na mleta mada, si huyo mzungu. "Makuli na mama lishe." Kwamba sisi bila kutajiwa mke wa mtu hatufungui kitabu? Mimi ni mama lishe, nina sufuria nne barabarani na cheti cha kidato cha nne. Ule mkataba wa kausha damu niliusoma. Nimeusoma na tochi ya simu saa tano usiku kwa sababu herufi zilikuwa kama mayai ya chawa. Mkopo laki moja, ukurasa wa pili chini kabisa: ada ya fomu elfu kumi na tano, inakatwa kabla hujashika hela. Nimepewa elfu themanini na tano, riba napigiwa ya laki nzima. Jina la kitabu lingenisaidia nini hapo?

Ngangari77:
Pole mama. Kampuni gani?

Mama Shughuli:
Sitaji. Bado nadaiwa.

Ngangari77:
Na mzee nyumbani alikuwa wapi unasaini saa tano usiku?

Binti Makorora:
Huyu mtu hatibiki.

Mpiga Chapa:
Mama samahani sana, sikukusudia hivyo. Nilimaanisha jalada ndilo linaloita, ndani ni shule. Na ukiangalia, Kansas vilivyotoka sana ni vile vya mapenzi na vya kujifunza mwenyewe, si Plato. Msomaji alijua anachotaka.

Mwalimu Mstaafu:
Basi umejijibu. Kama alijua anachotaka, kwa nini umdanganye?

Kijana wa Kongowea:
Mi nauliza la maana. Karatasi siku hizi ya nini? Tupa PDF kwenye WhatsApp, buku libaki mfukoni.

Fundi Bomba:
PDF inataka bando na simu yenye chaji. Mimi simu naiacha kwa mlinzi nikiingia shimoni. Kijitabu nakikunja nyuma ya kofia. Ila jasho, mleta mada. Wino wako unachuja? Nilishawahi kununua kitabu cha umeme wa nyumba, mchana kikanichora paji la uso zima, wenzangu walinicheka wiki.

Mpiga Chapa:
Hauchuji. Nitaweka jalada la nailoni, itaongeza shilingi mia mbili.

Fundi Bomba:
Basi si buku tena.

Mama Shughuli:
Ikifika buku jero sitoi, sahani ya wali maharage kwangu ni buku jero. Weka herufi kubwa, mfano wa mkataba uwe na hesabu ya laki moja kama yangu, niwekee nakala ishirini pale kwenye meza. Jina weka unalotaka, mimi nitawaambia wateja kilichomo.

Ngangari77:
Hakuna aliyenijibu. Watoto wao waliitwa la nani?

Binti Makorora:
Haldeman-Julius, wote. Kalale.