Wana Kwamndolwa 🌿

JUMANNE

*Da Rehema* 05:48
Asalaam aleikum. Kwa ambao hawakusoma ya jana usiku: Mama ameteleza uani, eksrei imeonyesha shingo ya paja la kulia imekatika na mfupa umehama. Hapo wilayani hawafanyi hiyo operesheni. Kabla ya adhuhuri tuamue: Bombo ya mkoa, ile ya binafsi Tanga mjini, au Moshi KCMC, hospitali ya kanda. Kila mtu aandike, sitaki vidole gumba.

*Omari* 06:31
👍

*Da Rehema* 06:31
Omari.

*Omari* 06:33
Mimi angalau nimeamka 😂

*Mama Mdogo Zainabu* 06:50
Nipo naye. Hajalala. Maji hataki, anasema akinywa itabidi aombe bedpani na pale wanaume wanapita kuona wagonjwa wao.

*Mwanaisha* 06:58
Mama Mdogo anywe, tafadhali. Fungeni khanga mbili pembeni ya kitanda ziwe pazia. Mzee akikaa bila maji figo zinachoka, na daktari wa usingizi atamrudisha mlangoni. Mguu wameuvutaje?

*Mama Mdogo Zainabu* 07:04
Wamefunga bandeji, kamba, halafu chupa mbili za maji zile za lita moja na nusu.

*Mwanaisha* 07:06
Kilo 3, sawa. Hakikisha chupa zinaning'inia. Zikigusa sakafu au chuma cha kitanda hazivuti kitu. Kunjeni shuka muweke chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro. Asaidiwe kubadili ulalo kila saa 2 hata akilalamika, na apumue kwa nguvu mara kumi kumi. Kidonda cha mgongo na nimonia ndivyo vinavyowaondoa wazee wa nyonga.

*Da Rehema* 07:20
Ahsante. Sasa wapi? Kaka Salimu naona tiki za bluu.

*Kassimu* 07:41
Shikamooni. Profoma (makadirio ya bili) ya ile ya binafsi imefika: milioni 7.8, nyonga nusu ya bandia, siku 5 wodini. Wanaingia thieta Alhamisi. Bombo orodha ya mifupa ina siku zake, na ikiingia dharura ya uzazi au ajali ya bodaboda wa nyonga anasogezwa wiki ijayo. Mgonjwa anafungishwa kula tangu usiku, saa nane mchana anaambiwa ale. Mara mbili, mara tatu. Serikali kwa kweli haijaliweza hili.

*Mwanaisha* 07:52
Kassimu, daktari atakayemfanyia huko kwenu kazini Alhamisi asubuhi yake yuko wapi?

*Kassimu* 07:53
😅

*Mwanaisha* 07:55
Haya. Ni yuleyule wa Bombo, mkono ni uleule, mnachouza ni siku ya thieta. Na ina thamani, sibishi, nyonga inatakiwa iingie ndani ya saa 48 ikiwezekana. Ila nijibu: kwenu kuna ICU? Daktari wa usingizi yupo usiku au anaitwa kwa simu? Damu mnatoa wapi?

*Kassimu* 08:09
ICU hakuna, kuna chumba cha uangalizi. Wa usingizi anaitwa. Damu tunaomba kitengo cha damu salama, ndugu wanachangia.

*Mwanaisha* 08:12
Basi shinikizo la damu likishuka saa tisa usiku anapakiwa kwenye gari kupelekwa hukohuko serikalini mlikokukimbia, na bili ya kwenu imeshalipwa.

*Omari* 08:15
Yaani ni kama kununua tiketi ya basi la kifahari, likiharibika Segera unamaliziwa na Hiace 😂😂

*Binti Amina* 08:15
😂😂😂

*Omari* 08:16
Na konda harudishi nauli

*Da Rehema* 08:20
Mama yenu amelala na chupa za maji mguuni nyie mnacheka Segera. Kassimu, hiyo 7.8 kuna nini ndani?

*Kassimu* 08:34
Thieta, usingizi, nyonga yenyewe, kitanda siku 5, dawa za kawaida. NJE: damu, kipimo cha moyo, mazoezi ya viungo, na kila siku baada ya ya 5. Kianzio 70% kabla ya kuingia. Niwe mkweli, wazee wengi hawatoki siku ya 5, wekeni akilini 9.

*Mjomba wa Lushoto* 08:40
Imesambazwa mara nyingi
JUMANNE YENYE BARAKA 🌹 Tuma kwa watu 10

*Kaka Salimu* 09:17
Nilikuwa darasani. Jamani si kuna kadi ya bima? Milioni 9 za nini?

*Da Rehema* 09:19
Kadi ipo. Ni YANGU. Za kwako nafasi nne za wategemezi tunajua zimekaliwa na nani.

*Wifi Tatu* 09:24
Wifi, hili lilikwisha siku ya arobaini.

*Da Rehema* 09:25
Lilikwisha kwenu.

*Wifi Tatu* 09:26
Ujumbe huu ulifutwa

*Omari* 09:31
Nimeusoma kabla haujafutwa, sitasema

*Kassimu* 09:38
Turudi kwenye kadi. Ile ya binafsi ilisimamisha kadi kitita kipya cha bei za bima kilipoanza tarehe 1 Machi 2024, hospitali zilizosimamisha zilikuwa nyingi tu, na mpaka leo operesheni za kuweka vyuma hawazipokei kwa bima, wanasema bei ya kitita hainunui hata chuma chenyewe. Bombo na KCMC kadi inafanya kazi, ila nyonga ya bandia inaombewa kibali kwanza. Na Da Rehema, jina la Mama. Kwenye kadi ni Mwanahawa, kwenye NIDA uliyonitumia ni Mwanaawa.

*Da Rehema* 09:40
Herufi moja!

*Kassimu* 09:44
Herufi moja ndiyo inayorudisha dai. Dai likirudi hospitali inakudai wewe. Leo hii chukua barua ya mwajiri na nakala ya NIDA, peleka ofisi ya mkoa ya NHIF, wenye bima. Na vidole vya Mama vimelika kwa jembe, mashine inaweza kumkataa. Vioshwe kwa maji ya uvuguvugu, vikaushwe, wajaribu vidole vyote, si dole gumba tu.

*Mwanaisha* 09:51
Na rufaa iandikwe na daktari wa wilayani, yenye muhuri, na eksrei iambatane. Ukiingia hospitali ya kanda bila rufaa kadi inakuwa plastiki tu. Dawa ikikosekana dirishani daini fomu 2C mkachukue duka lenye mkataba, msikimbilie kutoa hela. Wengi hawaambiwi.

*Kaka Salimu* 10:02
Mama ana zaidi ya 60, si wazee wanatibiwa bure serikalini?

*Mwanaisha* 10:05
Msamaha ni kwa mzee asiyejiweza, unapitia kwa mtendaji na ustawi wa jamii. Kumwona daktari na kitanda, sawa. Nyonga ya bandia mara nyingi haiko stoo, unaandikiwa karatasi ya kununua nje. Hapo ndipo watu wanapigwa. Saizi hujulikana mezani, kichwa cha mfupa kikishatolewa na kupimwa, kwa hiyo muuzaji lazima alete seti nzima. Akileta kimoja cha kubahatisha, mgonjwa ameshapasuliwa.

*Shangazi Halima* 10:30
Kwani yule mzee wa Mombo anayeunga mifupa amekufa? Aliunga mkono wa mtoto wa jirani ukanyooka.

*Mwanaisha* 10:33
Shangazi shikamoo. Mkono ni sawa. Kichwa cha paja kinapata damu kupitia shingo hiyohiyo iliyokatika, mfupa ukihama damu nayo inakatika. Hata ukifungwa mwaka mzima hauungi.

*Shangazi Halima* 10:34
Marahaba. Haya wasomi.

*Omari* 10:40
Mimi kura yangu binafsi. Serikalini hata nyuzi unanunua.

*Mjomba Athumani* 11:26
Nimesoma yote. Nimefanya utabibu kabla ninyi hamjazaliwa, kwa hiyo msinieleze serikali na binafsi. Sheria ya 1977 ilifunga hospitali za biashara, zikabaki za serikali na za dini. 1991 za biashara zikarudi. 1993 za serikali nazo zikaanza kuchangisha. Tangu hapo kote unalipa, mnabishana mlango wa kulipia. KCMC ilijengwa na Wamisheni, ikafunguliwa 1971, na serikali inalipa mishahara ya watumishi wengi pale. Hiyo mtaiweka upande gani?
Dada yangu anakwenda Moshi. Salimu ataongozana naye kwa sababu ndiye mkubwa. Habari za kadi ya nani zisirudiwe humu nikiwa hai.

*Kaka Salimu* 11:58
Sawa Mjomba.

*Wifi Tatu* 12:03
Sawa Mjomba 🙏

*Mwanaisha* 13:10
Mjomba shikamoo, nimekusikia. Ila kabla gari halijawashwa, daktari wa wilayani apige simu Moshi aulize mambo mawili: kitanda, na kama seti ya nyonga ipo wiki hii. Safari yote ile na mguu umevunjika halafu alale wodini siku kumi akisubiri, bora angebaki Bombo. Nimeomba namba ya zamu, sijajibiwa.

*Da Rehema* 13:15
Ambulansi ya wilaya ipo, mafuta ni juu yetu. Wachangia damu wawili waende na gari: miaka 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, mwanaume awe hajatoa ndani ya miezi 3, mwanamke 4. Nani?

*Da Rehema* 14:40
Nani?

*Omari* 14:52
Mimi nina kilo 50 nikiwa na viatu

*Da Rehema* 14:53
Vaa viatu.

*Kassimu* 15:20
Da Rehema, profoma inaisha Ijumaa na nafasi ya Alhamisi wameishikilia mpaka kesho saa nne. Niiachie?

*Da Rehema* 15:21
Njoo inbox.

*Mama Mdogo Zainabu* 17:05
Amekunywa vikombe viwili vya uji. Daktari aliyekuwa aandike rufaa ametoka, wanasema kesho asubuhi.

*Da Rehema* 17:09
Waliotuma mpaka sasa: mimi 300,000, Mwanaisha 150,000, Binti Amina 20,000. Kaka Salimu? Mafuta yanatakiwa usiku huu.

*Kaka Salimu* 21:47
Nipo kikaoni, nitapiga.