Stima chini ya kabro: paipu gani, na nichimbe kina gani?

MamaVifaranga_Lanet

Hamjambo nyote. Niko Lanet, Nakuru. Nyuma ya jikoni nimesawazisha uwanja wa kukalia, upana wake mita 9, na mafundi wa kabro (matofali ya saruji ya kutandika chini) wanakuja Jumatatu ijayo. Ng'ambo ya uwanja, karibu na ua, kuna kibanda ninacholelea vifaranga. Kwa sasa stima inafika huko kwa ekstensheni inayopita juu ya nyasi. Mwezi uliopita kijana wangu wa gredi ya tatu alijikwaa hapo jioni, akaivuta mpaka kiungo kikachomoka na kuangukia kwenye maji ya kuku. Hakuumia, lakini tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri.

Kutoka fyuzi boksi hadi kibandani ni mita 28. Nataka taa mbili za joto za wati 250 kila moja, balbu ya kawaida, soketi moja, na baadaye pampu ndogo ya maji. Fundi mmoja amesema ninunue waya wa twini (ule bapa wa kawaida wa ndani ya nyumba), niupitishe kwenye paipu ya maji ya nusu inchi, nizike futi moja, nimalize. Mwingine anasema kebo nzito izikwe hivyo hivyo bila paipu. Nimsikilize nani?

FundiStima_Nyamasaria

Mama, pole kwa kisa cha mtoto. Hiyo ekstensheni itoe leo. Vifaranga wawashie jiko la makaa lenye hewa ya kutosha hadi kazi iishe.

Wa kwanza usimsikilize. Wa pili ana nusu ya jibu.

Waya wa twini haukutengenezwa kwa ardhini, hata ukiwa ndani ya paipu. Watu hudhani paipu ni koti la mvua. Sivyo. Hewa ya ndani hupoa usiku, inaacha umande, na baada ya misimu miwili ya mvua ukiinua ncha moja maji yanatiririka kutoka ile nyingine. Kwa hiyo chukulia kwamba kebo yako italala majini, kisha uchague inayostahimili. Nunua kebo ya amadi, ile yenye nyaya za chuma zilizosokotwa chini ya koti jeusi, ya nyuzi tatu. Kwa mita 28 ukivuta ampea 10, ya milimita 2.5 itakupotezea kama volti 5, na ya milimita 4 kama volti 3. Kwa sababu ya pampu, mimi ningechukua ya 4. Pampu inapowaka huvuta mara kadhaa ya inachotumia ikiwa inazunguka.

Sasa kwa nini paipu, ikiwa amadi yaweza kuzikwa peke yake? Kwenye bustani yaweza, na pale kwenye nyasi izike tu. Chini ya kabro ni habari nyingine. Siku kebo ikiharibika au ukitaka kubwa zaidi, bila paipu utafukua uwanja wote. Weka ya PVC nzito, inchi 2, kwa zile mita 9 na nusu mita zaidi kila upande. Weka mbili sambamba. Ya pili iache tupu na kamba ya kuvutia ndani, maana kesho utataka kamera au intaneti, na nyaya hizo hazifai kukaa paipu moja na stima. Ukiwa na mtaro wazi, paipu ya pili ni gharama ndogo.

Kina: usipime kutoka udongo unaouona leo. Hapa ndipo wengi hukosea. Mafundi wa kabro watachimba, watamwaga maramu, watashindilia kwa kompakta, waweke vumbi la kwari, ndipo watandike kabro. Ukizika futi moja leo, jembe lao litaikuta Jumatatu asubuhi. Waulize uso wa mwisho utafika wapi, funga uzi hapo, kisha shuka sentimita 60 kutoka kwenye uzi. Chini ya paipu tandika mchanga uliochekechwa, juu yake mchanga tena, kisha udongo uushindilie tabaka kwa tabaka. Udongo wenu wa Nakuru ni majivu ya volkeno, mwepesi, na maji ya mvua huumomonyoa kwa chini. Mtaro uliojazwa kwa haraka utatitia, na kabro zitafuata. Sentimita 30 juu ya paipu laza utepe wa onyo, ili atakayechimba mwaka 2040 akutane nao kwanza.

Kona ndizo zilizonifunza. Mwaka 2017, kazi moja huku Kisumu, niliweka elbo fupi za paipu za maji taka, mbili, kila ncha moja. Kamba ilipita vizuri. Kebo ikafika elbo ya pili ikagoma. Tukavuta watu watatu, kamba ikakatika ikiwa imebaki mita moja na nusu. Mwenye nyumba alisimama pale akitazama tukifukua kabro zilizowekwa wiki iliyotangulia, na hakusema neno. Nilimlipia kabro. Tangu hapo natumia bendi ndefu tu, zile zinazopinda taratibu, au naiacha paipu inyooke na kuishia kwenye chemba ndogo ya matofali.

Na ukikata paipu kwa msumeno, ingiza kidole ndani ya ncha. Utahisi vijino vikali kama meno ya samaki. Vikibaki, vitachuna koti la kebo kwa urefu wake wote na wewe huoni. Vikwangue kwa tupa mpaka kidole kiteleze. Kamba ya nailoni ipitishe kipande kwa kipande kabla ya kugundisha. Siku ya kuvuta, paka kebo sabuni ya maji. Grisi na oili zitakula plastiki, usizitumie.

Ncha zote mbili amadi ifungwe kwa glandi (kifungio cha kubana kebo) na zile nyaya za chuma ziunganishwe na athi, waya wa ardhini. Laini hiyo iwe na swichi yake ya RCD, inayokata stima ikivuja, ya miliampea 30 nyumbani. Kazi ya kuunganisha mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, apime kebo kwa mega (kifaa kinachoonyesha kama koti za nyaya zinavujisha stima) kabla ya kuwasha.

Mkulima_Webuye

Naunga mkono amadi. Huku kwetu fuko hawachagui. Nilizika waya laini kwenda kwenye zizi, miezi minne taa zikaanza kufifia. Nilipofukua nilikuta koti limetafunwa urefu wa kiganja, shaba ikimetameta. Ng'ombe alikuwa akikataa kukanyaga sehemu hiyo, nami nilikuwa nampiga fimbo nikidhani ni mkaidi. Hilo bado linaniuma.

Ncha za paipu zizibe pia, panya hupenda kulala humo.

MamaVifaranga_Lanet

Asanteni sana. Fundi wa Nyamasaria, maswali mawili. Paipu ya maji ya kutoka tangini inavuka hapo hapo, nifanyeje? Na fundi wa kabro anasema sentimita 60 ni kupoteza muda, 30 zinatosha.

FundiStima_Nyamasaria

Stima ipite chini ya maji, acha nafasi ya kiganja kizima au zaidi kati yake, na utepe uwe juu ya zote mbili. Pale zinapovukana chimba kwa mkono, si kwa sururu.

Kwa huyo wa kabro: 45 nitakubali kwenye bustani wasikolima. Pale atakapopita na kompakta, na siku moja gari la mchanga litakanyaga, shikilia 60. Mtaro wa mita 10 ni kazi ya vijana wawili asubuhi moja. Kaa nao na fimbo uliyoitia alama.

MamaVifaranga_Lanet

Narudi na habari, leo Jumapili. Mtaro ulichimbwa jana na vijana wawili kama ulivyosema, nikiwa na fimbo. Kwenye futi moja na nusu tulikuta jiwe, tukalizunguka kwa bendi ndefu. Paipu mbili ziko chini, kamba zimo, nimevuta kila moja mbele na nyuma mara tatu na zinateleza. Ncha moja ilikuwa na yale meno, nimeikwangua mwenyewe. Kebo inavutwa Alhamisi, fundi mwenye leseni nimempata Mjini Nakuru na mega anayo.

Kabla ya kufukia nimepiga picha, na ukutani karibu na bomba la jikoni nimeandika kwa rangi: paipu mbili, mita 1 na sentimita 40 kutoka kona, kina 60. Ekstensheni nimeizungusha nikaipeleka stoo.