Yule mtembeza wageni mwenye miwani ya njano kaniharibia siku yangu ya kuzaliwa

MwanaWaKikwajuni:
Wadau, naandika nimo garini, mikono inatetemeka kwa hasira. Mnamjua. Yule wa miwani ya njano, anayejitia kila mgeni anayeshuka botini ni wake. Jina silitaji, mwenyewe atajijua.

Leo ni siku yangu ya kuzaliwa. Nikasema mwaka huu sitaki ukumbi wala muziki wa kupasua masikio, nawachukua mashoga zangu tukatembee Jozani, ule msitu wa hifadhi hapa Unguja. Nchi yetu hii, na wengine wetu tunapita pale tukienda Makunduchi bila hata kushuka. Huyo bwana tulimkodi mjini, pesa yake akaitia mfukoni kabla gari haijawashwa. Watu wa hifadhi wenyewe walitupokea vizuri, sina neno nao.

Msituni alichezea simu njia nzima. Nikanyamaza. Tukafika kwenye daraja la mbao kule mikokoni, nikamuuliza kwa heshima zote ni mkoko wa aina gani: "Kaka, huu ni mkandaa au msinzi?" Akanitazama kuanzia ushungi mpaka ndara, akasema: "Nyinyi wenyeji mnataka kuelezwa nini? Si mnaiona miti?"

Si mnaiona miti! Siku yangu ya kuzaliwa, pesa yangu, si mnaiona miti!

Hapo hapo wakatokea wazungu wawili, akatuacha juu ya daraja akawakimbilia. Huyo aliyekuwa bubu tangu asubuhi akaota ulimi wa mita tatu. Mara mizizi ya mikoko, mara samaki wadogo wanaojificha humo maji yakijaa. Akarudi nao mpaka kwa kima punju: hana kidole gumba, ana vidole vinne tu, anakula mkaa ili sumu ya majani ya miembe na mikungu isimdhuru. Sisi tunafuata nyuma tunadokoa maneno. Shoga yangu mmoja kazaliwa Michenzani, kakua huko, miaka yote akidhani kima wanaiba mkaa kwa utundu. Huyo ndiye mwenyeji asiyetaka kuelezwa?

Tulipokata keki kwenye gari, nani wa kwanza kunyoosha mkono? Na akachagua kipande chenye jina langu! Si mnaiona miti!

KomboWaMtoni:
Namjua! Mama yangu aliambiwa Forodhani asogee, anaziba picha ya wageni. Mama yangu, kwao Malindi!

PakaShume:
Umekodi papasi, mtu wa kuvizia wageni mjini, unataka mwalimu wa mimea? Pale getini wapo wanaotembeza watu kwa Kiswahili safi. Halafu nani anauliza mkandaa siku ya bethidei yake?

MwanaWaKikwajuni:
Mimi nauliza! Boriti za nyumba ya bibi yangu zimetoka mikokoni, nina haki ya kuujua mti ungali umesimama. Ningekuwa mgeni angenijibu. Kaniambia si mnaiona miti, mbele ya mashoga zangu!

DerevaWaMakunduchi:
Nyie mnalilia maneno, mie nalilia matuta. Nikipita Jozani springi zinasoma hitima.

PakaShume:
Matuta yaliwekwa kwa sababu nyinyi madereva mlikuwa mnawamaliza kima. Punguza mwendo.

DerevaWaMakunduchi:
Mie sijagonga hata kuku. Hao wa magari ya kukodi ndio wanaoruka, halafu tunateseka sote.

MtuWaKonde:
Waunguja na Jozani yenu. Njooni Ngezi kwetu Pemba, msitu umejifunga, na ukitoka unaangukia ufukwe wa Vumawimbi. Kima punju nasi tunao.

KomboWaMtoni:
Hao mlipelekewa kutoka kwetu miaka ya 1970. Turejesheeni.

MtuWaKonde:
Chukueni, mtuachie popo wetu. Popo wa Pemba dunia nzima hana kwao kwengine. Nendeni Kidike mkaone watu wanavyowalinda.

PakaShume:
Mnawalinda sasa, mbona zamani mkiwala?

MtuWaKonde:
Tumeacha. Nyinyi urojo wa maji matupu mtaacha lini?

MwanaWaKikwajuni:
Jamani, uzi wangu! Mtu kala keki yangu baada ya kunitukana!

KomboWaMtoni:
Heri ya siku ya kuzaliwa dada. MtuWaKonde, mara ya mwisho nilipokuja Pemba nilitapika tangu Nungwi mpaka Mkoani, na wa pembeni yangu anakula mayai ya kuchemsha. Hao wauza tiketi wanasema "bahari shwari" wakitazama wapi?

MtuWaKonde:
Mkondo huo hauna adabu kwa watu wa mjini. Kaa nyuma ya boti, usikae mbele.

DerevaWaMakunduchi:
Kutoka Mkoani kuna gari ya moja kwa moja mpaka Konde?

MtuWaKonde:
Panda ya Chake Chake kwanza, hapo utabadilisha. Usichelewe kutoka bandarini, na ukiambiwa gari imejaa usikubali, nafasi ipo.

PakaShume:
Nafasi ipo mapajani mwa nani?