Limfoma ya mama imerudi, naomba ushauri kuhusu dawa ya majaribio

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tuko Malindi. Mamangu ana limfoma, yaani saratani ya matezi; alimaliza kemo, dawa za kuua seli za saratani, tukashukuru. Sasa matezi ya shingoni yamevimba tena, hata buibui likimgusa hapo anashtuka, na biopsi, kipimo cha kipande cha tezi, imethibitisha: limfoma ya seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) imerudi. Daktari wa Mombasa ametueleza kuna utafiti wa kuchanganya kemo na dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Dawa ya rituksimabu naijua, hushika alama iitwayo CD20 juu ya seli B ili kinga iishambulie, na Marekani iliidhinishwa tangu 1997. Hii mpya ndiyo inanitia wasiwasi. Aliyewahi kuingiza mzazi kwenye utafiti, uliuliza nini kabla ya kutia sahihi? Vipimo na nauli alilipa nani? Akijitoa katikati, matibabu ya kawaida anaendelea kupewa? Mama mwenyewe anataka. Fomu inatakiwa wiki ijayo.