Namhudumia jirani mgonjwa, lakini moyo umejaa kinyongo. Hii bado ni huduma?

DadaMhudumu:
Bwana asifiwe, wapendwa. Nina jambo linanikosesha usingizi, na naomba msinitumie mistari mitupu, maana mistari ninayo.

Huu ni mwezi wa tano naenda kila Jumamosi kwa jirani yetu mmoja, mzee anayeishi peke yake. Viungo vimemkaza, hawezi kuinama. Nafagia, nabadilisha shuka, namwosha miguu na kumkata kucha. Nilianza siku niliyosoma Yohana 13 nikalia. Kama Bwana alijifunga kitambaa kiunoni akainamia miguu ya wanafunzi wake, mimi ni nani nikatae?

Lakini kusoma habari za beseni na kulishika ni mambo mawili. Kucha zake ni nene, mkasi hauingii mpaka miguu ikae kwenye maji vuguvugu kama dakika 20. Na dakika zote hizo ananisema. Maji yanaunguza. Maji yamepoa. Unanivuta. Nani alikuambia nahitaji msaada wako? Neno asante sijalisikia hata mara moja. Jumamosi iliyopita alilisukuma beseni kwa mguu, maji yakanilowesha sketi nzima. Nilipangusa sakafu kimya, nikamalizia kucha mbili zilizobaki, nikaaga. Njia nzima nilikuwa nagombana naye moyoni.

Paulo anasema Mungu humpenda anayetoa kwa moyo mkunjufu (2 Wakorintho 9:7). Wangu umekunjamana. Na kanisani wananisifu mbele za watu, nami natamani ardhi ipasuke. Niendelee, au huu ni unafiki?

Msafiri77:
Dada, soma Mathayo 21:28-31. Baba aliwatuma wanawe wawili shambani. Mmoja alisema sitaki, baadaye akajuta akaenda. Mwingine aliitika vizuri kabisa, asiende. Bwana aliuliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba, hakuuliza ni yupi aliyetabasamu. Wewe umeenda miezi mitano.

NesiMstaafu:
Mwanangu, mambo ya moyo nitayafikia. Kwanza miguu. Huyo mzee ana kisukari? Muulize leo hii, usingoje Jumamosi. Kama anacho, acha kabisa kumlowesha miguu muda mrefu: ngozi inalainika, inapasuka, na kidonda cha mguu wa mwenye kisukari hakiponi upesi. Tena mguu unaweza kuwa na ganzi, ukaungua yeye asisikie. Jaribu maji kwa kiwiko chako. Osha, kisha kausha vizuri katikati ya vidole, hapo ndipo watu wengi wanaposahau. Kucha zikatwe kwa kunyooka, usichimbe pembeni. Zilizo nene sana mwachie mhudumu wa afya. Na kila ukienda, tazama nyayo na kisigino kama pana mchubuko.

Sasa moyo. Nimeosha wagonjwa maisha yangu yote ya kazi. Anayekukaripia unapomwosha mara nyingi hana chuki na wewe, anaona haya. Mtu mzima, aliyejitegemea miaka na miaka, leo msichana wa jirani ameshika kisigino chake! Hata Petro katika hiyohiyo Yohana 13 alisema Bwana hatamwosha miguu kamwe. Umewahi kumwomba ruhusa kabla ya kumgusa? Sikulaumu, nauliza tu. Mimi ilinichukua muda mrefu kujifunza hilo.

Shemasi_Mzee:
Nesi amesema vema. Naongeza mawili.

La kwanza, kwa nini uko peke yako? Katika Matendo 6 wajane walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, kanisa halikumtafuta mtu mmoja mwenye moyo mkubwa. Lilichagua watu saba. Na neno la Kigiriki lililotumika pale kwa kuhudumia wajane, *diakonia*, ndilo lililotumika mistari michache mbele kwa huduma ya Neno. Kwa hiyo hao wanaokusifu kanisani waombe Jumamosi mojamoja. Uchovu wa mtu mmoja hufanana sana na kinyongo, na wewe nadhani umechoka.

La pili, katika Yohana 4 Bwana alipokutana na yule mwanamke kisimani, alianza kwa kumwomba maji. Alimpa nafasi ya kutoa kabla hajampa chochote. Huyo mzee ana nini cha kukupa wewe? Usiniambie hana.

DadaMhudumu:
Nimerudi baada ya Jumamosi mbili. Nesi, Mungu akubariki. Ana kisukari, anajua siku zote, hakuwahi kusema nami sikuwahi kuuliza. Nilitetemeka nikikumbuka zile dakika 20.

Safari hii nilikaa chini, nikamwuliza, "Mzee, naomba nikuoshe miguu?" Akasema, "Ngoja." Akaanza kuvua soksi mwenyewe. Alichukua muda mrefu sana, mkono ulikuwa haufiki, nami nikajizuia nisimsaidie. Alipomaliza ndipo akasema, "Haya."

Kumbe alikuwa fundi cherehani! Miezi mitano nafagia karibu na cherehani yake iliyofunikwa kitambaa, sikuuliza hata siku moja. Jumamosi iliyofuata nikampelekea ile sketi iliyolowa, pindo lilikuwa limefumuka. Akavaa miwani, akatunga uzi, mara ya nne ndipo ukaingia. Akamsema vibaya sana aliyeishona mwanzo. Safari hii nilikaa nikasikiliza, wala sikuumia.

Asante bado sijaisikia. Kinyongo nacho hakijaisha chote, nisiseme uongo mbele za Mungu.

Mama mmoja wa kanisani amekubali tupokezane. Nesi, chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto nilikuta mchubuko. Jumatatu tulimpeleka kliniki, wakasema usafishwe na kufungwa kila siku. Mimi nina siku nne, yule mama tatu. Bandeji ikiganda kwenye kidonda, naibanduaje bila kumuumiza?