Babangu ana miaka 71, miguu inaisha nguvu. Nianzie wapi?

Mtoto wa Molo: Habari zenu. Mama alipofariki mwaka juzi nilimtoa baba Molo nikamleta kwangu hapa Nakuru, ghorofa ya tatu. Kule alikuwa anakamua ng'ombe wawili na kupanda mlima na mtungi wa maziwa. Hapa nikamwambia, "Baba, sasa pumzika." Kweli amepumzika: kochi, redio, chai. Siku hizi hainuki bila kushika meza kwa mikono miwili, na juzi nusura aanguke bafuni. Ana presha. Nataka afanye mazoezi, lakini naogopea magoti.

Kijana wa Bondeni: Mpandishe mlima Menengai kila Jumamosi. Atakuwa chuma!

Mama Wawili: Bondeni, acha mzaha. Mtoto wa Molo, ugonjwa ni hilo kochi. Uzeeni misuli hupungua, na isipotumika hupungua mbio. Nilimuuguza mamangu alipovunjika nyonga, najua ninachosema. Chukua kiti kigumu, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Akunje mikono kifuani, ainuke, aketi polepole. Ikimshinda, weka mto juu ya kiti apate kimo. Mara tano asubuhi, tano jioni. Chai ikichemka, asimame kwa mguu mmoja huku ameshika sinki, nawe uwe karibu. Hilo watu hulidharau, kumbe ndilo linalomkinga mtu asianguke.

Muuguzi Mstaafu, Kisumu: Presha ipimwe kwanza. Dawa nyingine huleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla, kwa hiyo akiamka aketi kidogo ukingoni mwa kitanda. Goti la uzee hupata nafuu misuli ya paja ikikaza. Likivimba na kuwa la moto, hospitali. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za kutembea au kazi kama hiyo kwa wiki, lakini yeye aanze na kumi. Na malapa yatupwe! Huku kwetu tunatembea kabla ya saa moja asubuhi, jua la Kisumu halina adabu. Nyinyi wa Nakuru hamna kisingizio.

Mtoto wa Molo: Asanteni sana. Presha imepimwa, iko sawa. Leo ameinuka mara nne, ya tano akasema kiti ni kifupi. Halafu akauliza maziwa ya ng'ombe yanauzwa wapi, maana haya ya pakiti hayaamini. Ni dakika kumi kwa miguu. Nimemnunulia raba.