Naomba ushauri: niombe nafasi ya kusaidia kukagua picha za darubini ya Rubin au nimalize tasnifu kwanza?

Wakuu habari zenu, niko Kisumu nasoma shahada ya pili ya fizikia, sasa nimesoma habari za Vera C. Rubin, kituo chenye darubini kubwa ya kupiga picha za anga kule Chile, natamani kuwaandikia barua niombe kusaidia kukagua picha zake, na moyo umeruka kabisa. Kioo mita 8.4, kamera megapikseli 3,200, picha moja inashika anga la ukubwa wa miezi mpevu kama 45! Mi Paithoni (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) naijua, nimekesha nikisafisha picha za nyota laptopu ikinichoma mapaja. Lakini msimamizi wangu anasema tasnifu kwanza. Kuna mtu ashawahi kufanya kazi kama hii akiwa mbali? Na kwa barua, niwaambie tu ukweli kwamba sijawahi kugusa darubini kubwa?